Inchi Mbili Chini ya Goti

Kuna wazazi wanaoiogopa Januari kwa sababu ya karo. Mimi naiogopa kwa sababu ya magoti.

Nina kibanda cha kushonea nguo hapa Mombasa, upande wa Kongowea, chenye cherehani mbili: moja inashona, nyingine tumeiacha pale kwa kuuheshimu umri wake. Shule zikikaribia kufunguliwa, kina mama hunijia na watoto wao, kila mmoja na karatasi ya shule mkononi, na hakuna karatasi inayokosa mstari kuhusu goti la mtoto wa kike. Shule hii inataka sketi ishuke inchi mbili chini ya goti. Ile inataka ifike katikati ya muundi. Nyingine imeandika tu kwamba sketi iwe na "urefu wa heshima". Nimeigeuza futi yangu upande wa inchi, nikaigeuza upande wa sentimita, heshima sijaona imeandikwa wapi.

Basi mama anasema, "Fundi, sisi kwetu hatuonyeshi miguu. Nishushie mpaka kwenye vifundo." Binti amesimama nyuma ya mama yake, ananikonyeza nipandishe. Karatasi inasema inchi mbili, si moja wala si tatu, na nasikia naibu wa mwalimu mkuu wa shule hiyo husimama langoni na rula siku ya kufungua. Juu ya hao wote yuko Mwenyezi Mungu, ambaye kila mmoja ananiapia kwamba yuko upande wake. Wote wana maoni juu ya pindo moja, na anayelipa ni mama peke yake. Naye analipa nusu, nusu nyingine mwisho wa mwezi, bila kutaja mwezi gani.

Kwa hiyo naacha kitambaa cha inchi nne ndani ya pindo na kunyamaza. Mambo yakibadilika tunakunjua. Binti, kwa upande wake, ameshapata dawa ya kudumu: akishapita kona ya msikiti anaikunja sketi kiunoni, akikaribia lango la shule anaikunjua, na jioni anarudia kinyumenyume. Katika mjadala wote huu yeye peke yake ndiye asiyelalamika.

Hijabu ndiyo inayonitoa roho. Si kwamba ni ngumu kushona, maana hata kijana wangu wa vifungo anaiweza: kitambaa cheupe, tundu la uso, mshono mmoja chini ya kidevu, pindo kuzunguka. Ugumu ni kujua iishie wapi. Shule moja ya serikali hapa jirani iliruhusu hijabu ifike kiunoni kwa miaka. Akaja mwalimu mkuu mpya, karatasi ikatoka: mwisho mabegani, bila lesi, bila shanga. Wazazi wakanirudishia hijabu mafungu kwa mafungu nizikate. Sijamaliza kuzikata, mwalimu mkuu akahamishwa. Aliyemfuata yeye hana neno na urefu, ila anataka zote ziwe rangi ya samawati kama shati. Vile vipande nilivyovikata vipo hadi leo kwenye gunia, navitumia kufutia mafuta ya cherehani.

Ukiwauliza wateja wangu sheria inasemaje, nusu watakuambia mahakama iliruhusu hijabu, nusu watakuambia mahakama iliikataza, na wote wanasema kweli. Inategemea waliacha kusoma magazeti mwaka gani. Nawaeleza habari ya Isiolo huku nikiwapima mabega, na kwa kuwa nimeieleza mara nyingi, naomba niieleze hapa nipumzike.

Kuna shule ya sekondari huko Isiolo, St. Paul's Kiwanjani, ya kutwa na ya mchanganyiko, ya umma, ambayo mfadhili wake ni Kanisa la Methodisti. Mwaka 2014, katika sherehe ya kutoa zawadi shuleni hapo, naibu gavana wa kaunti aliomba wasichana wa Kiislamu waruhusiwe kuongeza hijabu na suruali nyeupe juu ya sare yao. Hijabu na suruali tu, hakuna aliyeomba msikiti ujengwe uwanjani. Yakazuka mambo, kanisa likaenda mahakamani. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Meru ikalipa kanisa ushindi. Septemba 2016 Mahakama ya Rufaa iliyoketi Nyeri ikageuza: wasichana wavae. Mwezi huo nilishona hijabu mpaka sindano zikaisha sokoni Mwembe Tayari. Kisha Januari 2019 Mahakama ya Juu ikageuza tena, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea njia. Majaji wengi hawakusema hijabu ni haki wala hawakusema si haki. Walisema ombi la mzazi aliyewatetea wasichana hao halikufikishwa mahakamani kwa utaratibu unaotakiwa, basi uamuzi wa Nyeri hauwezi kusimama, na bodi ya shule ikae na wazazi itafute kanuni zake.

Miaka mitano, mahakama tatu, majaji sijui wangapi na majoho yao marefu (yenye pindo safi sana, nimeyaona kwenye televisheni), halafu jambo limerudishwa kwa bodi ya shule. Na bodi ya shule inarudisha kwa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu anaandika karatasi, na karatasi inakuja kwangu. Katiba ya 2010 imesema Kenya haina dini ya serikali, na ibara ya 32 imempa kila mtu haki ya kuidhihirisha dini yake kwa ibada na matendo. Hayo yameandikwa vizuri. Lakini mtoto akikwama langoni saa moja asubuhi, haendi kwa wakili. Anatumwa kwa fundi.

Nimesikia hoja ya wanaokataa, na siwezi kusema haina kichwa. Wanasema sare ni ya kuwafanya watoto wawe sawa, na ukimwongezea mmoja kitambaa umeshawagawa. Hoja nzuri kwa mtu asiyejua nguo. Niletee darasa zima limevaa sare moja, nipe dakika mbili, nitakuonyesha mtoto ambaye shati lake lilikuwa la kaka yake, maana kola imegeuzwa upande wa ndani ukaletwa nje. Nitakuonyesha mwenye sweta la kufumwa na bibi yake kwa uzi unaokaribia rangi lakini si rangi yenyewe. Nitakuonyesha mwenye tetroni ya bei na mwenye ile polista inayong'aa makalioni kabla ya likizo ya kwanza. Watoto wenyewe wanayaona hayo tangu gwaride la siku ya kwanza. Hijabu nyeupe ni kitu cha mwisho kuwagawa, na sana sana inaficha ile kola.

Na kwa kuwa nimegusa usawa, niseme na hili. Karatasi za siku hizi huwa na mstari wa mwisho: "Sare zinapatikana katika duka fulani pekee." Wizara imekataza mtindo huo, ikakataza tena, na duka fulani bado linapatikana pekee. Sweta ambalo jirani yangu angelifuma kwa bei ya kawaida, huko wanaliuza karibu maradufu kwa sababu lina nembo kifuani. Kinachonichekesha ni kwamba walimu wanaosema sare ni jambo la nidhamu na wala si biashara hawajawahi kuniandikia mimi kwenye huo mstari.

Tai je? Hapa Mombasa mwezi wa Februari hata paka hawatembei juani. Mtoto anavaa shati, fulana ndani, sweta juu, tai imemkaba shingoni, soksi za sufu hadi magotini, anaingia kwenye matatu anashuka amelowa kama kavuliwa baharini. Hiyo nguo ililetwa na wamishonari na serikali ya Mwingereza, watu waliotoka kwenye baridi na kuvaa vile kwa sababu ya baridi. Mimi nakaa kwenye kibanda cha mabati, nashona mikono ya sweta huku jasho linanitiririka machoni, na hakuna mzazi hata mmoja aliyepeleka sweta mahakamani. Hakuna bodi iliyoketi kujadili tai. Kitambaa chembamba cheupe cha pamba kinachompa mtoto kivuli kichwani, hicho ndicho kimefika Mahakama ya Juu.

Kijana wangu wa vifungo ni Rasta. Nywele zake zimeshuka mpaka mgongoni, na mara mbili tatu zimetishia kuingia kwenye gurudumu la cherehani, lakini mkono wake ni mwepesi na hanywi, kwa hiyo tumekubaliana azifunge. Yeye akisikia nikieleza ya Isiolo hushindwa kunyamaza. "Mzee, mbona husemi tulivyoshinda sisi?" Basi nawaachia wateja wamsikilize. Januari 2019, mwezi ule ule wa Mahakama ya Juu, msichana wa kidato cha kwanza katika shule moja ya umma ya Nairobi alirudishwa nyumbani kwa sababu ya rasta zake, ingawa alikuwa amezifunika kwa kilemba. Anyoe ndipo arudi. Baba yake akaenda Mahakama Kuu, na Septemba mwaka huo Jaji Chacha Mwita akaamua kwamba Urastafari ni dini kama dini nyingine mbele ya Katiba, na mtoto asome na nywele zake. Kijana wangu husimulia hukumu hiyo kama kwamba alikuwa pale, na wakati huo wote vifungo havishonwi.

Mimi hupenda kumwuliza ya Jamaica. Huko ndiko Urastafari ulikozaliwa, miaka ya 1930, na huko huko mwaka 2020 mahakama ilikataa kusema kwamba shule ya msingi ilivunja haki za mtoto ilipomtaka akatwe rasta. Mpaka 2024 ndipo Mahakama ya Rufaa ikaliona kosa. "Jamaica kwenyewe, bwana!" namwambia. Hujibu kwamba Babiloni iko kila mahali, anachukua sindano, na kazi inaendelea.

Kwa upande wangu kilemba ni kilemba. Wakorino, Wakristo wanaofunga vilemba, huja kutoka Bamburi kununua vyeupe vya watoto wao, na kitambaa ninachowakatia ndicho ninachomkatia shemeji wa kijana wangu. Mwalimu wa zamu akikiona kwenye kichwa cha Mkorino anasema ni dini, akikiona kwenye kichwa cha Rasta anasema ni uhuni, na vimetoka kwenye jora moja.

Na si ya kichwani tu. Bibi zetu wa Pwani walivaa vipini puani na hakuna aliyewauliza kitu, ila wao hawakwenda shule. Binti mmoja wa Durban mwenye asili ya Kihindi alikwenda na chake, shule ikamwambia akivue, mama yake akakataa. Kesi ikapanda ngazi hadi Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, na Oktoba 2007 akashinda. Alikuwa ameshaondoka katika shule hiyo. Nikisikia watu wanasema "twende mahakamani", namkumbuka huyo, na nawashauri wanunue kitambaa cha ziada, maana mtoto hukua na jaji hana haraka.

Lakini walionishinda kabisa ni Wafaransa. Nina mteja, mama mwenye asili ya Ngazija, ambaye nusu ya ukoo wake iko Marseille, na yeye ndiye redio yangu ya huko. Wafaransa wana sheria ya mwaka 2004 inayokataza wanafunzi wa shule za umma kuvaa alama za wazi za dini: hijabu, kofia ya Kiyahudi, msalaba mkubwa. Hiyo nimeielewa, ingawa siipendi, maana hijabu naijua nikiiona. Sasa mwishoni mwa Agosti 2023 waziri wao wa elimu wa wakati huo, Gabriel Attal, akaongeza abaya. Siku ya kwanza ya muhula wasichana 298 walifika wamevaa abaya, na 67 walikataa kuivua wakarudishwa makwao. Mahakama yao ya juu ya mambo ya utawala ikaliacha katazo lisimame.

Mimi nauliza kama fundi, wala si kama Mwislamu: abaya ni ipi? Nionyesheni mshono. Ni gauni refu, pana, la mikono mirefu. Nikilishona kwa kitambaa cheusi na kumpa bibi wa Kibokoni, ni abaya. Nikilishona hilo hilo kwa kitambaa cha maua na kumpa mtalii wa Diani, ni gauni la ufukweni, na atanilipa mara tatu. Pima nyonga, pima kifua, pima urefu, vipimo ni hivyo hivyo. Sasa mlinzi wa lango huko Marseille anapima nini? Anapima uso wa msichana, jina lake, na mtaa aliotoka. Ajabu ni kwamba shule zao nyingi za umma hazina hata sare. Hawana orodha, hawana inchi mbili, hawana rula ya naibu, kila mtoto anakuja na jinzi aliyoamkia, halafu gauni la heshima ndilo linalowatia homa. Ningekuwa huko ningelitia mkanda kiunoni na mfuko kifuani, nikaliita koti la mvua, tuone.

Msinione natetea watu wangu tu. Na sisi tuna ya kwetu. Kuna kina mama wanaoniletea hijabu ya shule na lesi ya harusini, wanataka shanga kuzunguka uso na vito kwenye paji, na mwalimu akikataa wanapiga kelele kwamba dini inaonewa. Dini haikuagiza vito, bibi. Kuna baba aliyenitaka nimshonee hijabu ya magotini binti yake wa miaka saba, na mtoto amesimama hapo anatetemeka kwa sababu leo wana mashindano ya kukimbia. Na kuna mlinzi mmoja, Mkristo wa kutoka bara, ambaye mwanawe alipata nafasi katika shule yenye wafadhili Waislamu. Karatasi ilisema hijabu kwa wasichana wote. Nikamshonea, nikampima kichwa, mtoto akaniuliza atavuaje akitaka kujikuna sikio. Baba yake alitazama pembeni muda wote. Nilimtoza nusu bei. Ile karatasi ya Isiolo na hii ya mlinzi ziliandikwa kwa mwandiko mmoja, ingawa mwandishi mmoja anakwenda kanisani na mwingine msikitini.

Tatizo ni hao wafadhili. Kanisa lilianzisha shule zamani, ardhi ni yake, jina lake liko kwenye kibao cha lango. Sawa, na tunashukuru, wengine wetu tusingejua kusoma hata namba za futi. Lakini mwalimu analipwa na serikali, dawati limenunuliwa kwa kodi, na watoto wanapangiwa na wizara bila kuulizwa wanasali wapi. Mtoto wa Isiolo hakuichagua Methodisti, na mtoto wa mlinzi hakuuchagua msikiti. Ukishapokea mtoto wa kupangiwa, na kichwa chake umekipokea. Mimi ningewaambia hao wa bodi: chagueni rangi, chagueni kitambaa, katazeni vito na lesi kwa herufi kubwa, halafu mwacheni anayefunika afunike na asiyefunika asifunike. Lakini hawaniulizi. Wananitumia karatasi.

Kwa hiyo na mimi nimetoa karatasi yangu, nimeibandika kwenye nguzo ya kibanda, kijana ameiandika kwa kalamu ya wino mwekundu. Wapendwa wateja: sketi zote zitashonwa na pindo la inchi nne, na kulikunjua ni kwa malipo. Hijabu za shule zitashonwa urefu mmoja, hadi viwiko. Anayetaka nyingine alete barua ya mwalimu mkuu yenye mhuri. Mwalimu mkuu akihamishwa, kukata au kuongeza ni kazi mpya na bei mpya. Vilemba bei moja, dini zote. Heshima haipimwi hapa. Sweta siwezi kupunguza joto lake, msiniulize. Na yule naibu wa rula, ambaye juzi ameniletea suruali yake nimshushie pindo kwa sababu imempanda juu ya kifundo, iko tayari, aje na salio.